Maradhi ya Kujidonoa Ngozi na Sitara ya Wagonjwa Wetu



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake, twaomba idhini ya wasomaji wetu, hasa mama zetu na dada zetu, tulizungumze wiki hii jambo ambalo aghalabu halizungumzwi barazani wala jikoni. Nalo ni maradhi ya mtu kujidonoa ngozi yake mwenyewe: kutumbua chunusi ambayo haijaiva, kubandua kigaga kabla kidonda hakijapona, kuchuna ngozi ya kando ya kucha mpaka damu itoke, na kurudia tena kesho na kesho kutwa, hali ya kuwa mwenye kufanya hivyo anaumia, anajuta na anatamani kuacha.

Twaliandika kwa sababu limetufikia nyumbani. Aliyepatwa nalo ni binti wa dada yetu, msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye dini na adabu, mwalimu wa watoto wadogo. Ametupa ruhusa ya kueleza habari zake kwa masharti mawili. La kwanza, tusimtaje jina wala mtaa. La pili, tusiandike kana kwamba ameshapona kabisa, kwani hajapona kabisa, na hataki mwenziwe aliye katika hali kama yake asome akadhani kuwa yeye peke yake ndiye anayeshindwa. Masharti yote mawili tumeyakubali.

Ni vyema kwanza tutenganishe mambo. Hakuna mwanadamu ambaye hajawahi kubandua kigaga au kubinya chunusi, na hilo halimfanyi mtu kuwa mgonjwa. Madaktari husema ni maradhi pale mtu anapojidonoa mara kwa mara mpaka akapata vidonda, anapojaribu kuacha mara nyingi asiweze, na jambo lenyewe linapomtia dhiki au kumzuia katika maisha yake: akaacha kwenda harusini, akachelewa kazini, akakataa kukunja mikono ya nguo hata mbele ya dada zake. Tena hutazama kwanza kama hakuna sababu nyingine ya mwasho, kama vile upele, ukurutu au athari ya dawa fulani.

Maradhi haya humjia mtu kwa njia mbili, na wengi huwa nazo zote mbili. Mara nyingine mkono huenda wenyewe, naye anasoma, anatazama televisheni au anazungumza na simu. Hushtuka anapoona damu kuchani. Mara nyingine huenda kwa kukusudia: husimama mbele ya kioo, akatafuta kidude chochote kilichoinuka juu ya ngozi, na hawezi kuondoka mpaka akitoe. Aliyesema anaingia chooni kwa dakika tano hutoka baada ya saa nzima. Kabla ya kujidonoa huhisi mbano moyoni. Anapojidonoa mbano ule hulegea kwa kitambo kidogo. Kisha huja majuto na haya. Haya ile nayo huzaa mbano mwingine, na mzunguko huanza upya.

Huyu binti yetu alianza akiwa na miaka kumi na tatu, chunusi zilipoanza kumtoka usoni. Kutoka usoni akahamia mabegani, kisha mikononi. Mama yake alimwona akijidonoa akamwambia aache, kama mama yeyote angalivyosema. Alipokuwa akiendelea alipigwa mkono kidogo, akatishiwa kuwa hataolewa. Alichojifunza ni kujificha. Joto la Mombasa mwezi wa Februari twalijua sote, na bado alikuwa akivaa mikono mirefu ndani ya nyumba, feni ikizunguka, wanawake watupu pamoja naye. Watu wakamsifu kwa stara. Hapakuwa na aliyejua kilichokuwa chini ya mikono ile.

Jambo lilifichuka alipoposwa. Mchumba alikubaliwa, mahari yakasemwa, na harusi ikapangwa baada ya Idi. Wasomaji wetu wa kike hawahitaji kuelezwa maana yake: kuna siku za bi harusi kuwekwa ndani, kuna singo ya kusuguliwa mwili mzima, kuna liwa, kuna hina ya mikono na miguu, na kuna somo ambaye hakuna sehemu ya mwili wa mwari isiyopita mikononi mwake. Kadiri siku zilivyokaribia ndivyo binti alivyozidi kunyamaza, na kadiri alivyonyamaza ndivyo mkono ulivyozidi kufanya kazi. Siku moja alimwambia mama yake kuwa posa irudishwe. Mama alidhani kuna kijana mwingine. Alipombana sana, binti alikunja mikono ya nguo yake mpaka kwenye kiwiko, basi.

Dada yetu alitujia siku ile ile baada ya Alasiri akitaka tumsomee mwanawe. Alikuwa ameshaamua kuwa ni hasadi: mtoto ni mzuri, ameposwa na watu wa maana, na majirani wana macho. Shangazi yake yeye alikuwa na rai nyingine, kwamba ni pepo, na kwamba kuna mganga wa kumtoa. Tulisema kuwa kwa mganga haendi mtu. Kusoma, tutasoma.

Na tulisoma. Ruqya ni haki, na Qur'ani ni shifaa. Hilo ni katika imani yetu na hatulioni haya. Tulisoma mama yake akiwa kando, kama inavyopasa, kisha tukamwuliza binti kama ana neno lolote angependa kulisema. Tulitarajia atazungumzia harusi. Alilouliza lilikuwa jingine: "Mjomba, swala zangu zote hizi miaka kumi, zimesihi?"

Kumbe kwa muda wote huo alikuwa akitawadha mara mbili na mara tatu kwa swala moja, kwa kuona tone la damu mkononi. Alikuwa akichelewa Alfajiri kwa kuosha nguo. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akilipa siku ambazo hazikuwa na deni, akidhani kuwa damu imemfunguza. Juu ya maradhi yake alikuwa amejitwisha mzigo wa ibada ambao Mola wake hakumtwisha. Twaamini wako wengine katika hali hiyo, na kwa ajili yao twaieleza hukumu kwa ufupi.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tuifuatayo wengi wetu hapa pwani, damu inayotoka katika kidonda cha ngozi haitengui udhu. Katika vitokavyo mwilini, kitenguacho ni kile kipitacho katika njia mbili za haja. Ama damu iliyogusa nguo, basi damu ya chunusi na kidonda cha mtu mwenyewe ni katika zile zinazosamehewa. Na hata aliyeitoa kwa kubinya mwenyewe husamehewa ikiwa ni kidogo. Ikiwa nyingi, aioshe. Mwenye kidonda kilichofungwa, na maji yanamdhuru, huosha palipo pazima, hupangusa kwa maji juu ya kitambaa au plasta, na hutayamamu kwa ajili ya pale ambapo maji hayakufika. Na damu ya kidonda haimfunguzi mwenye saumu. Mwenye hali iliyo tofauti na hizi amwulize mwanachuoni aliye karibu naye wala asione haya.

Kuhusu haya ya kuuliza, iko habari aliyoipokea Abu Daud, ya mtu aliyepigwa jiwe kichwani akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, nao wakamwambia kuwa hawamwonei ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akawalaumu kwa kutouliza jambo wasilolijua, akafahamisha kuwa asiyejua tiba yake ni kuuliza. Mtu yule alikuwa na kidonda, na waliomzunguka walikuwa watu wema waliotaka dini itimizwe. Wema wao haukumwokoa, kwa kuwa haukuwa na elimu. Tumeikumbuka habari hii mara nyingi katika miezi iliyofuata, kwani kila jamaa aliyekuwa na rai juu ya binti huyu alikuwa mtu mwema.

Alipojua kuwa swala zake ziko salama, alilia, na baada ya kulia alizungumza. Alisema, "Mkono wangu haunisikii." Alieleza kuwa alishaapa, alishaweka nadhiri, alishafunga siku tatu za kafara ya yamini kwa kuvunja kiapo chake, alishakata kucha mpaka kwenye nyama. Alishajiita mnafiki. Aliwahi kusikia mawaidha kuwa mwili ni amana na kuwa mwenye kuudhuru atasailiwa, akaona kuwa maneno yale yamemlenga yeye.

Maneno yale ni ya kweli, nasi tumeyasema mara nyingi juu ya mimbari. Mwili ni amana. Lakini sheria yetu humtazama mja kwa uwezo wake. Mtu ambaye amejizuia kwa kila njia anayoijua, na bado mkono unaenda, hahitaji kuelezwa ubaya wa jambo. Ubaya wake anaujua kuliko sisi, kwa kuwa ameandikwa nao mwilini. Lililo katika uwezo wake ni kutafuta tiba. Mabedui walipomwuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute dawa, aliwaamrisha watafute, na akawapa habari kuwa hakuna maradhi aliyoyaweka Mwenyezi Mungu ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Hilo ndilo tulilomwajibisha binti yetu: tafuta tiba, nasi tutakuwa pamoja nawe.

Njia haikunyooka. Daktari wa kwanza, katika zahanati moja ambayo hatuna haja ya kuitaja, aliangalia mikono kwa dakika mbili, akaandika dawa ya kupaka na vidonge vya kuua vijidudu, akamwambia, "Acha kujikuna, utapona." Binti alitoka amejiinamia. Wakati huo huo jamaa mmoja alimletea kopo la krimu ya kung'arisha ngozi ili makovu yafifie kabla ya harusi. Twatoa indhari hapa: baadhi ya krimu hizo huwa na zebaki au dawa kali nyingine zisizotajwa kwenye kopo, na kuzipaka juu ya ngozi yenye vidonda ni kuongeza madhara juu ya madhara. Kopo lile lilitupwa.

Daktari wa pili alikuwa mwanamke, bingwa wa ngozi. Alitazama mgongoni, akaona kuwa pale katikati ambapo mkono haufiki ngozi ilikuwa safi kabisa, na kwamba vidonda vyote vilikuwa mahali pafikiwapo na kucha. Akauliza kwa sauti ya chini, mama akiwapo, kama ni yeye mwenyewe anayejidonoa. Binti akaitika. Yule daktari hakushangaa. Alimwambia kuwa maradhi yana jina, kwamba amewaona wengine kabla yake, na kwamba dawa ya kupaka itatibu vidonda, ila kinachovileta chahitaji mtaalamu mwingine. Alimwandikia barua ya kwenda kwa mwanasaikolojia.

Dada yetu alituambia baadaye kuwa neno lile "wengine" ndilo lililomfaa mwanawe kuliko vidonge vyote. Kwa hakika wako wengi. Vitabu vya utabibu vya Marekani vyakadiria kuwa zaidi ya mtu 1 katika kila watu wazima 100 hupatwa na hali hii katika maisha yake, na wengi wao ni wanawake. Aghalabu huanza wakati wa baleghe, pamoja na chunusi. Wala si maradhi mapya. Tabibu Mwingereza Erasmus Wilson aliyaandika mwaka 1875, na mwaka 1898 Mfaransa Brocq akaeleza habari za wasichana waliokuwa wakizidonoa chunusi zao mpaka zikawa majeraha. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliyatia katika kitabu chao kama maradhi yanayojitegemea, karibu na yale ya wasiwasi wa kurudiarudia, na Shirika la Afya Duniani nalo limeyaorodhesha katika mwongozo wake ulioanza kutumika Januari 2022. Jamaa zake wa karibu ni kule kung'oa nywele na kutafuna kucha.

Walipolisikia neno "akili" baadhi ya watu wa nyumbani walishtuka. Walisema kuwa mtoto si mwendawazimu, na wakweli walikuwa. Lakini kuna aliyesema pia kuwa elimu ya nafsi ni mambo ya Wazungu, na huyu tulimjibu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Alisema humo kuwa mwanadamu ni mwili na nafsi, na kuwa kila kimoja huugua na hutibiwa. Aliandika mlango juu ya ghadhabu, mlango juu ya hofu, mlango juu ya huzuni, na mlango juu ya wasiwasi unaomrudiarudia mtu asiweze kuuondoa. Alimnasihi mwenye wasiwasi asikae peke yake na asikae bila shughuli, na akamtaka mwenye afya aweke akiba ya fikra njema moyoni, kama watu wanavyoweka akiba ya dawa nyumbani kabla ya kuugua. Basi ndugu zetu waliokuwa wakidhani kuwa binti anapelekwa kwenye elimu ngeni, tuliwaambia kuwa anapelekwa kwenye mlango ambao wazee wake waliwahi kuubisha.

Kilichofanywa huko twaweza kukieleza, kwa kuwa si siri na huenda kikamfaa mtu. Njia yenyewe huitwa kugeuza mazoea, na ilianzishwa na wataalamu wawili wa Marekani, Azrin na Nunn, mwaka 1973. Kwanza alipewa daftari, akatakiwa aandike kila anapojidonoa: saa ngapi, mahali gani, alikuwa akifanya nini, na moyo wake ulikuwaje. Hakuambiwa aache. Aliambiwa aandike tu. Baada ya wiki mbili daftari lilisema jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua: kwamba nyakati zake mbaya zilikuwa mbili, baada ya Isha mbele ya kioo cha chooni, na kila alipomaliza kuzungumza na simu kuhusu harusi.

Pili, zilipangwa hila za kuzuia. Taa kali ya chooni ilibadilishwa ikawekwa hafifu. Kioo kidogo cha mkononi kilitolewa chumbani. Kucha zilikatwa fupi kila Ijumaa, jambo ambalo ni katika sunna za maumbile. Vidonda vilifungwa plasta ili kidole kisikute cha kubandua, na usiku alivaa glavu nyembamba za pamba.

Tatu, mkono ulipewa kazi nyingine. Mtaalamu alimwambia kuwa mbano ukija akunje ngumi au ashike kitu kwa dakika chache mpaka upite, kwani hupita hata usipotiiwa. Alijaribu tasbihi, lakini hakupenda kuichanganya dhikri yake na jambo hili. Bibi yake ndiye aliyeleta dawa. Bibi huyo husuka ukili tangu utoto wake, akamkalisha mjukuu wake mkekani akamfundisha. Ukili hutaka vidole vyote kumi na jicho, na hauachi nafasi ya kucha kutembea. Mwenye kusuka ukili hawezi kujidonoa. Kuna mkeka kamili nyumbani kwa dada yetu ambao umetokana na miezi ile.

Nne ilikuwa kazi ya familia, na hii ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Mama alitakiwa aliache neno "wacha". Miaka kumi alikuwa akilisema, na kila alipolisema mtoto aliona haya, na alipoona haya alijidonoa zaidi. Badala yake, akimwona mkono umepanda, amsogezee ukili wake bila kusema kitu, au amwite jikoni amsaidie. Dada yetu alitwambia kuwa wiki ya kwanza alikuwa akiuma ulimi wake.

Daktari pia alizungumza nao juu ya vidonge. Hakuna kidonge kilichotengenezwa mahususi kwa maradhi haya, lakini ziko dawa zinazotumiwa kwa wasiwasi na huzuni ambazo huwasaidia baadhi ya wagonjwa, nazo ni za kuandikwa na daktari, si za kununua dukani kwa kusikia. Waliamua kusubiri kwanza. Kwa mwingine uamuzi ungeweza kuwa tofauti, na hakuna aibu katika huo wala huu.

Ikabaki habari ya mchumba. Palikuwa na waliosema asiambiwe neno. Mafakihi wametaja aibu zinazompa mwanandoa hiari ya kuivunja nikahi, kama vile wazimu, ukoma na barasi. Makovu ya kujidonoa hayamo humo, na tuliwaeleza hivyo. Lakini binti mwenyewe alisema kuwa amechoka kujificha na hataki kuanza nyumba mpya kwa kujificha. Alimweleza mbele yetu, akiwa ametazama chini, kwa maneno machache. Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama matibabu yana gharama, kwa kuwa angependa kuchangia. Harusi ilisogezwa mbele miezi minne, na wazee wa pande zote mbili waliambiwa kuwa bi harusi anatibiwa ngozi, na hilo lilikuwa kweli.

Somo aliyechaguliwa ni mwanamke mtu mzima, mwenye siri. Alielezwa mapema. Siku za singo aliwatoa wasichana wote chumbani, akamsugua mwenyewe, akaviruka vidonda vichache vilivyobaki, na hina akaipandisha mpaka juu ya kiwiko kwa maua mapana. Hatukuwapo, bila shaka. Tumeambiwa na dada yetu. Alisema kuwa yule somo hakuuliza swali hata moja, na kuwa alipomaliza alimbusu binti kwenye bega, mahali penye kovu.

Sasa ni mwaka na zaidi. Tumeahidi kusema kweli, nayo ni hii: kuna wiki ambazo mkono hautembei kabisa, na kuna wiki ambazo hurudi. Ulirudi sana alipougua mama mkwe wake. Lakini anapoteleza sasa hurudia daftari lake na mtaalamu wake, na haikai ila siku chache, ambapo zamani ilikaa miezi. Anatawadha mara moja kwa swala moja. Juzi alikuja kwa mama yake akaosha vyombo, na mikono ya nguo ilikuwa imekunjwa, na watu walikuwamo jikoni.

Tumalize kwa nasaha chache. Wazazi, mkiona mtoto avaa mikono mirefu wakati wa joto, akaa chooni muda mrefu, ana vidonda visivyopona mahali pale pale, na shuka zina matone ya damu, msianze kwa kumpiga mkono wala kumtisha kuwa hataolewa. Muulizeni kwa upole, faraghani, na muwe tayari kusikia. Walimu wenzetu wa madrasa, mtoto mwenye vidole vilivyochunika asiitwe mchafu mbele ya wenziwe. Waume, mkewe mtu akikuonesha alichokificha miaka mingi, huo ni wakati wa kumstiri.

Kidonda kikivimba, kikawa chekundu na wekundu ukaenea, kikatoa usaha au kikaleta homa, aende hospitali siku hiyo hiyo, hasa mwenye kisukari. Na mtu akisema kuwa amechoka na maisha, au anajidhuru kwa kutaka maumivu yenyewe, hilo ni jambo jingine na la haraka zaidi. Asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Anzeni kwa daktari wa ngozi au zahanati iliyo karibu, na mkiambiwa "acha tu" msikate tamaa, ombeni kuelekezwa kwa mwanasaikolojia au daktari wa magonjwa ya akili. Hospitali kuu za rufaa za kaunti zetu zina huduma hizo, na Msalaba Mwekundu wa Kenya una simu ya bure, nambari 1199, ambayo mtu hupata mtu wa kuzungumza naye. Mwanamke ana haki ya kuomba daktari mwanamke na ya kuwa na mahramu au jamaa yake. Na anayetaka kusomewa asomewe, pamoja na tiba, na mtu mcha Mungu asiyemgusa wala kumtoza, na asiyemwambia atupe dawa za daktari.

Wazee wetu walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Twaongeza kuwa mgonjwa haachi kuficha mpaka apate mahali salama pa kufichulia, na mahali hapo ni sisi tulio nyumbani mwake.

Ewe Mola, Uliyemponya Ayubu (a.s.) baada ya dhiki ndefu, waponye wagonjwa wetu, wanaoonekana na wanaojificha. Istiri aibu zetu, ituliza mikono isiyosikia, na utujaalie tuwe sababu ya nafuu kwa walio karibu nasi. Amin.

Wabillahi tawfiq.